Msiba Usio na Maiti

Kwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, mzee wa chama cha Gohu haachwi aende hivi hivi. Baada ya mazishi, pengine miaka mingi baadaye, marehemu humjia jamaa yake ndotoni, na jamaa hujua wakati umefika wa kumchongea kigango, nguzo ya kumkumbuka. Huchongwa kwa mti mgumu, kikawa na kichwa cha duara na kiwiliwili kirefu kilichojaa nakshi za pembetatu. Kikisimikwa, koma, yaani roho ya mzee, hupata makao. Hapo humwagwa tembo, hapo huelezwa shida za mji. Tena kikishasimikwa hakiondolewi. Huachwa kinyeshewe, kiliwe na mchwa, kirudi udongoni taratibu, kwani hata kuoza kwake kumo ndani ya heshima anayostahili marehemu.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo vikaibwa. Miaka ikapita, hata siku moja, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy akaona kwenye slaidi ya mtu mwingine kimoja cha vigango hivyo. Hicho kilikuwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirudishwa kijijini mwaka 2007. Mzee aliyepigwa picha alikuwa ameshafariki.

Kilichovirudisha ni ile picha. Bila hiyo, familia ingekuwa na kilio tu, na kilio hakikubaliwi kuwa ushahidi ofisini. Picha haikuwa kigango. Haikuweza kumwagiwa tembo wala kukaliwa na koma. Lakini ilishuhudia. Katika tofauti hiyo, kati ya kuwa kitu na kukishuhudia, ndimo ninamoiona kazi ya wasanii wa kidijitali wa Afrika wanaoshughulika na yale tuliyopoteza.

Jim Chuchu wa Nairobi ni mmoja wao. Alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa Just a Band, kisha akajulikana kwa filamu na picha. Katika mfululizo wa picha aliouita Pagans, wa mwaka 2014, aliiunda upya miungu ya Kiafrika isiyo na majina, kana kwamba imani zilizozimwa zimepewa tena nyuso. Mtu mwenye uwezo wa namna hiyo angeweza kuendelea kubuni tu. Badala yake, yeye na wenzake wa The Nest Collective, akiwemo Njoki Ngumi, waliamua kuhesabu. Walishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na wasanii wa kundi la SHIFT, na makumbusho za Köln na Frankfurt, Ujerumani, wakauliza: vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo ni vipi, na vimekaa wapi? Swali hilo halikuwa na jibu la pamoja mahali popote. Waliyapata majibu kwa kuziendea taasisi moja moja, hadi wakajenga kanzidata ya vitu zaidi ya 32,000 vilivyomo katika taasisi 30 za ng'ambo.

Mwaka 2021 kazi hiyo ikawa maonyesho, kwanza Nairobi, kisha Köln na Frankfurt. Nairobi yaliwekwa makabati ya vioo yaliyokuwa matupu. Aliyekwenda kutazama vitu alitazama mahali ambapo vitu vingekuwa.

Sisi watu wa pwani tunajua kuomboleza kwa namna hiyo. Mvuvi akipotelea baharini na maiti yake isionekane, hatusemi kwamba hakuna msiba. Watu husimama safu, wakamswalia sala ya ghaibu. Yale makabati yalikuwa sala ya aina hiyo: yalitutaka tusimame mbele ya kisichokuwapo na tukiri kwamba ni chetu. Kwa muda mrefu hatukuweza hata kulia, maana hatukujua tumefiwa na nini. Mtoto aliyezaliwa Tana River anaweza kukua bila kusikia kwamba Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, imekaa stoo katika British Museum, London, kwa zaidi ya miaka 100. Hawezi kuililia. Anadhani tu kwamba kwao hakukuwa na kitu. Huo ndio upotevu mbaya kuliko wizi wenyewe.

Kuna upotevu mwingine ambao hauwezi hata kuorodheshwa, nao ni wa vitu ambavyo havikupata kutengenezwa. Minne Atairu, msanii kutoka Nigeria, ameugusa. Mwaka 1897 majeshi ya Uingereza yaliuvamia mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, yakapora maelfu ya sanaa za shaba na pembe. Mfalme wake, Oba Ovonramwen, akapelekwa uhamishoni Calabar, akafia huko mwaka 1914. Kwa miaka hiyo 17 mafundi wa kasri hawakuwa na mfalme wa kumfulia shaba. Atairu, katika kazi yake iitwayo Igùn, aliilisha programu ya akili mnemba picha za sanaa zilizoporwa, akaifanya ibuni zile ambazo zingezaliwa katika miaka ya ukimya. Yanayotokea kwenye skrini ni maumbo ya ajabu, yanafanana na shaba ya Benin na hayafanani nayo. Nikiyatazama nawafikiria vijana waliokuwa na umri wa kujifunza ufundi mwaka 1897. Mikono yao ilikuwa mizima na moto ulikuwapo. Kilichokatwa ni sababu ya kufua. Kompyuta haiwezi kuwarudishia miaka yao, lakini imetuonyesha ukubwa wa shimo.

Naye Chao Tayiana Maina wa Kenya, pamoja na wenzake wa Museum of British Colonialism, ameunda upya kwa kompyuta kambi walimofungwa watu wakati wa vita vya Mau Mau. Baadhi ya kambi hizo leo ni shule. Ya Mweru na ya Aguthi ni mfano. Wanafunzi hupita kila siku walipoteswa babu zao. Nyaraka nyingi za wakati huo Waingereza walizichoma au walizichukua walipoondoka, na zile zilizofichwa Hanslope Park, Uingereza, hazikujulikana hadi 2011, wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London. Karatasi zilipofichwa, kilichobaki ni kumbukumbu za waliokuwamo na kuta chache. Hivyo ndivyo kambi ilivyosimamishwa tena, ya pande tatu, ionekane na mjukuu anayeshika simu.

Hata hivyo, nina hofu. Zana hizi hizi zinaweza kutumiwa kutuliwaza kwa uongo. Makumbusho inaweza kutwambia: tumewapigia picha nzuri, chukueni, sisi tubaki na chenyewe. Hilo tulikatae. Picha iliyokirudisha kigango nyumbani ilikuwa na thamani kwa sababu kigango kilirudi. Tena vitu vingine havikuwekwa vionwe na kila jicho. Vilikuwa na wazee wake, siku zake na miiko yake. Kuvitandaza kwenye intaneti bila idhini ya wenyewe ni kuvichukua mara ya pili. Wasanii ninaowaheshimu wanalijua hili. Hawajazi pengo kwa rangi za kupendeza wakaliita tiba. Wanachora mipaka yake kwa uaminifu, ili asiwepo wa kusema halipo.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujangoja msanii au makumbusho, anza na kilichosimama bado. Waulize wazee wa kwenu: hiki ni cha nani, kilichongwa na nani, kilisimikwa kwa sababu gani. Omba ruhusa, kisha piga picha, andika majina na mahali, na uiweke nakala mahali salama. Vigango bado vinaibwa, na wanaovijua wanapungua. Na ninyi mnaotunza vitu vyetu ng'ambo, orodha mnayo na sisi tunayo. Jibuni barua za wanaouliza, kisha rudisheni vitu vyenyewe.