Boda ipi?

Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka tumelifanya boda. Kule Busia, baina ya Kenya na Uganda, wavushaji abiria kwa baiskeli walilitamka mara mbili, likawa jina la chombo. Sisi wa Tunduma tunazo zote: boda ya kuvukia kwenda Nakonde, na boda ya kupanda.

Mwaka jana, nikiwa katibu wa msikiti, nilimwandikia ndugu wa muumini wetu: "Kaka yako kapata ajali boda. Fanya haraka." Akakimbilia forodhani, akamtafuta baina ya malori. Sisi tulikuwa hospitali, mgonjwa akimuulizia. Alipofika, tulikwisha kumfumba macho, Allah amrehemu. Hakunilaumu. Aliutazama tu ujumbe wangu, akauliza saa ya kuosha.