Asilimia ya nini?

Kuna swali moja fupi ambalo limenifanya nisipendwe sana kwenye ziara za kukagua miradi. Ukiwa mwandishi wa gazeti unazijua ziara hizi. Mnabebwa kwenye Coaster alfajiri, mnavishwa kofia ngumu na vizibao vya rangi ya machungwa, mnapigwa jua la kutosha, halafu mheshimiwa anasimama mbele ya bango na kutangaza kwamba mradi umefikia asilimia 72. Kalamu zote zinainama, maana kichwa cha habari cha kesho kimeshapatikana. Mimi nanyoosha mkono nauliza: asilimia 72 ya nini?

Mara ya kwanza nilipouliza, kwenye mradi mmoja wa barabara ambao sitautaja, msemaji alinitazama kama nimemtukana. "Ya mradi," akajibu, watu wakacheka. Lakini wakati wa chakula mhandisi mmoja alinisogelea na sahani yake ya pilau. "Mdogo wangu," akasema, "hilo swali hata sisi ofisini tunaulizana." Kumbe ile 72 ilikuwa ya fedha: jumla ya hati za malipo zilizokwisha kuidhinishwa, ukigawanya kwa thamani ya mkataba. Ingeweza pia kuwa ya muda, yaani miezi iliyopita ukigawanya kwa miezi ya mkataba, na hiyo jamani hupanda hata mkandarasi akilala. Au ingekuwa ya kazi yenyewe: zege lililomwagwa, kilomita zilizowekwa lami, nguzo zilizosimama. Mradi mmoja unaweza kuwa na asilimia zote tatu siku moja, kila moja na namba yake, na msemaji akachagua anayoipenda bila kusema uongo hata kidogo.

Kama umewahi kujenga, au umemwangalia mzee wako akijenga kule Kivule au Goba, unalijua jambo hili bila kusomea uhandisi. Boma linapanda haraka. Mwezi wa pili nyumba imefika lenta, majirani wanakupongeza, nawe moyoni unasema nusu ya safari imeisha. Halafu unapaua. Halafu unakutana na milango, madirisha, nyaya za umeme, mabomba, vigae, dari, na pale ndipo watu wanapokaa miaka mitano. Anayepita barabarani haoni tofauti. Kwake nyumba ilikwisha siku bati lilipowekwa.

Kwenye miradi mikubwa kuna jambo la ziada ambalo mhandisi wangu wa pilau alilieleza huku akicheka. Mkandarasi mjanja anapojaza bei za zabuni huweka faida kubwa kwenye kazi za mwanzo, kusafisha eneo, kuchimba, kujaza kifusi, ili fedha ziingie mapema. Kwa hiyo asilimia ya fedha hukimbia mbele ya kazi. Tena mikataba mingi inaruhusu vifaa vilipwe vikifika tu eneo la ujenzi. Mashine ikiwa bado ndani ya kreti, haijafungwa hata boliti moja, tayari imeongeza asilimia.

Sasa chukua Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018, na umeme ulitakiwa uwe tayari Juni 2022. Kujaza maji kulipangwa kuanza Novemba 2021. Tarehe ikafika, maji hayakujazwa. Sababu mojawapo iliyotolewa na serikali ilikuwa mtambo wa kunyanyulia na kushushia milango ya chuma ya handaki lililokuwa likichepusha mto. Fikiria vizuri hapo. Mto umechepushwa upite kwenye handaki ili watu wajenge tuta pakavu. Ili bwawa lijae ni lazima uzibe handaki, na ili uzibe lazima ushushe milango. Bila winchi hakuna milango, bila milango hakuna bwawa. Ukilinganisha na mradi wa zaidi ya shilingi trilioni 6, winchi hiyo ni kitu kidogo sana. Lakini ndiyo iliyokuwa imeshika ufunguo. Na mto una majira yake: ukikosa msimu wa mvua huwezi kuomba nyongeza ya wiki mbili, unasubiri msimu mwingine. Maji yalianza kujazwa Desemba 22, 2022. Mtambo wa kwanza kati ya tisa, wenye megawati 235, uliingia kwenye gridi Februari 2024, na yote tisa ikakamilika 2025. Hapo katikati, kuanzia mwishoni mwa 2023, nchi ilikuwa kwenye mgao. Fundi wa kuchomelea mageti hakuwa na haja ya kujua bwawa limefika asilimia ngapi. Alitaka kujua anunue jenereta au avumilie.

Reli ya kisasa nayo ina somo lake. Jiwe la msingi la kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro liliwekwa Aprili 2017, mkataba ukiwa wa miezi 30, maana yake mwisho wa 2019. Abiria wa kwanza walipanda Juni 14, 2024. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo taarifa zilikuwa za asilimia tisini na kitu, na sidhani kama zilikuwa za uongo. Tuta lilikuwepo, reli zilikuwepo, madaraja yalikuwepo. Ila vichwa vya treni na mabehewa vilikuwa kwenye mikataba mingine kabisa. Mkataba wa reli ungeweza kufika asilimia 99 huku wewe msafiri uko asilimia sifuri, unakwenda zako Msamvu kwa basi.

Kuna mchezo mwingine ambao ni mgumu zaidi kuugundua. Mkandarasi akiongezewa muda, ratiba inachorwa upya, na kuanzia siku hiyo maendeleo yanapimwa kwa ratiba mpya. Mradi uliochelewa mwaka mzima unaamka asubuhi ukiwa "unakwenda kwa mujibu wa ratiba". Nyongeza yenyewe inaweza kuwa halali kabisa, kwa mafuriko au Uviko. Lakini ratiba ya awali ikishafungiwa kabatini, mwananchi anakosa cha kulinganishia.

Wala si ugonjwa wa kwetu. Uwanja mpya wa ndege wa Berlin ulipangwa kufunguliwa Juni 3, 2012. Mei 8, zikiwa zimebaki wiki zisizotimia nne, ufunguzi ukafutwa, tatizo kubwa likiwa mfumo wa kuzuia moto na kutoa moshi. Jengo ulikuwa unaliona limesimama pale. Ndege zilianza kulitumia Oktoba 31, 2020. Wajerumani hao, mwenzangu!

Mimi siku hizi nafanya hesabu ya darasa la saba. Nachukua taarifa mbili za mradi uleule. Tuseme Machi walisema asilimia 62, Juni wakasema 65. Pointi tatu kwa miezi mitatu, na zimebaki 35. Kwa mwendo huo ni karibu miaka mitatu, na huo ni ukarimu, maana za mwisho huwa ndizo nzito. Kama bango linasema Desemba hii, nauliza wataongeza nini: zamu ya usiku, mitambo, watu?

Swali la pili nawauliza wahandisi, siyo wasemaji: kitu gani kikichelewa wiki moja leo, siku ya mwisho nayo inachelewa wiki moja? Mhandisi anayeijua kazi yake hajibu kwa kubahatisha. Nilimuuliza hivyo msimamizi wa kituo kimoja cha kupozea umeme ambacho bango lake lilisema asilimia 88. Hata hakutazama makaratasi. "Transfoma," akasema. "Iko melini, na ikishushwa kuna daraja moja njiani halibebi uzito wake." Nikamuuliza daraja hilo liko kwenye mkataba wa nani. Akasema ndiyo barua wanayoisubiri.