Nusu lita ya maji

Wasomaji wangu mnisamehe, nimepotea kidogo. Tangu mwezi jana nimekuwa msindikizaji wa Mama Mdogo hospitali. Ana saratani ya shingo ya kizazi, amepangiwa mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa wiki.

Siku ya kwanza aliambiwa: nenda chooni, kisha kunywa nusu lita ya maji, usiende tena mpaka utoke kwenye mashine. Basi. Sababu hakupewa. Wiki ya pili nikamfuma maji ninayomnunulia anamwagilia maua pale nje.

"Mwanangu, foleni yenyewe hii. Nikijikojolea mbele za watu utanificha wapi?"

Jamani, mtoto wa kiume unaanzaje kuongea habari za kibofu na mama yako mdogo? Nikajifanya niko kazini, nikatoa kijitabu, nikamfuata mtaalamu wa mionzi. Akanichorea. Kibofu kikiwa kitupu, utumbo mwembamba unateremka kwenye nyonga na kukaa palepale mionzi inapopita. Kikijaa, kinausukuma juu. Na utumbo hauvumilii mionzi: ndiyo kule kuhara kwa wagonjwa wengi, na wapo ambao madhara huwatokea miaka baadaye. Tena vipimo vya mashine vilipangwa kwa picha iliyopigwa kibofu kimejaa, kwa hiyo kila siku kinatakiwa kijae vilevile.

Baadaye, kwenye mionzi ya ndani, watamwekea shashi kusukuma kibofu na puru mbali na chanzo cha mionzi. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu yake hushuka hadi karibu robo. Sentimita moja ni mali!

Mimi huyu nimeshaandika habari mbili za mashine za mabilioni, na picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Ya maji sijawahi.

Nilimpa ule mchoro. Akautazama sana. "Kumbe ni kwa ajili ya utumbo? Mimi nilidhani wananisafisha tu." Tukakubaliana: nitamnunulia pedi, na dada wa mapokezi atatushtua mapema ili aanze kunywa.

Leo ilikuwa ya 14. Mashine ikagoma dakika kumi. Akabana, khanga kaikunja ngumi, hasemi na mtu. Alipotoka alinitupia mkoba bila kunitazama, akakimbilia chooni.