Soko Lisiloonekana

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nilifundishwa nilipokuwa mdogo kuliko wewe, msomaji, nami nimewafundisha wengine kwa miaka kumi na miwili tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Sikuwa na shaka juu yake mpaka nilipokuwa mfanyabiashara mimi mwenyewe. Hapo niliona kuwa methali hii yataka kuelezwa zaidi. Chema hakiwezi kujiuza kabla hakijajulikana. Na kibaya, kikitembezwa kwa ustadi, huuzika upesi sana. Tofauti yao huonekana baadaye, mnunuzi anaporudi au asiporudi. Nataka kukusimulia jinsi nilivyojifunza jambo hilo kwa gharama kubwa, ili wewe ulipate kwa bei nafuu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika Kaunti ya Nyeri. Kutoka mlangoni pa darasa langu Mlima Kenya huonekana asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza kwamba shule zote zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wakarudi makwao: wengine Othaya na Mukurwe-ini kwenye mashamba ya chai na kahawa, wengine Karatina, wengine Naro Moru na Nanyuki, ambako mvua ni haba na nyumba ziko mbalimbali. Watahiniwa wa kidato cha nne hawakurudi shuleni mpaka mwezi wa Oktoba, na wengi wa wenzao walingoja mpaka Januari 2021. Katika miezi hiyo mwalimu alikuwa kama mkulima aliyenyang'anywa shamba lake.

Nilikuwa na wanafunzi 43 wa kidato cha tatu. Niliandika namba za simu za wazazi wao, nikafungua kikundi cha WhatsApp, na kila jioni saa moja nikatuma ukurasa mmoja wa somo: leo ngeli, kesho vitenzi, keshokutwa insha. Sikutoza hata senti moja. Baada ya wiki chache wanafunzi wangu waliomba ruhusa ya kuwaleta binamu zao na majirani. Nikakubali. Mwezi wa Julai, wakati wa baridi na ukungu, kikundi kilifika watu 256, nacho kikajaa, maana siku hizo hiyo ndiyo iliyokuwa idadi ya mwisho iliyoruhusiwa. Nikafungua cha pili, kisha cha tatu. Nilikuwa na wasomaji katika Kerugoya, Murang'a na Meru, watu ambao sikupata kuwaona kwa macho.

Nimejiuliza mara nyingi watu hao walikuja kwa sababu gani. Sikuwa mwalimu bora kuliko wengine, wala sauti yangu si tamu. Naona sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kutunza saa: somo lilifika saa moja, si saa mbili, na msomaji akazoea kulingoja kama mtu angojavyo gari la mwisho la kumfikisha nyumbani. Ya pili ni kusikiliza: mwanafunzi akiuliza swali, jibu lake ndilo lililokuwa somo la kesho yake, naye akajua kwamba ameheshimiwa. Ya tatu ni kumhurumia mwenye mfuko mdogo. Mzazi anayenunua bando la shilingi ishirini hawezi kufungua video nzito. Kwa hiyo nilipunguza uzito wa kila faili kadiri nilivyoweza, nikatumia maandishi zaidi kuliko picha. Sababu hizi si siri wala si elimu ya ajabu. Mwuza maziwa anayepita kila alfajiri azijua zote.

Mwaka 2021 nilifikiri kuuza. Nilikusanya masomo yangu ya sarufi, nikayasahihisha, nikayapanga katika kijitabu cha kurasa 60, nikaweka bei ya shilingi 100. Wanafunzi wangu mwenyewe niliwapa bure, kwa sababu mwalimu akimwuzia mwanafunzi wake kile anachopaswa kumfundisha, huo si uungwana. Wengine walilipa kwa M-Pesa, nami nikawapelekea faili katika simu zao. Wiki ya kwanza walinunua watu 11 tu. Nilihuzunika kidogo, lakini kila wiki waliongezeka, kwa kuwa aliyenunua alimwambia mwenziwe.

Hebu tutue hapa tuitazame bidhaa ya namna hii, maana tabia yake si tabia ya bidhaa nyingine. Mwenye gunia la viazi akiliuza, gunia limekwenda. Yampasa kulima tena. Mwenye faili akiliuza, faili bado analo, na aweza kuliuza mara elfu. Gharama yote imo katika nakala ya kwanza: usiku wa kuandika, macho ya kusahihisha. Nakala ya pili haina gharama ya kutajika. Hiyo ndiyo neema yake. Balaa yake ni kwamba mnunuzi naye aweza kulinakili kwa kidole kimoja na kuligawa bure, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yamlinda mwandishi. Na jambo la tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote: mnunuzi wa viazi huvishika kwa mkono kabla ya kulipa, lakini mnunuzi wa faili hulipa kwanza, ndipo aone. Alichonacho kabla ya kulipa ni jina la kitabu na neno la muuzaji.

Biashara hii imewezekana kwetu kwa mambo yaliyotokea si zamani sana. Mwaka 2007 M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya, na mtu wa kijijini asiye na akaunti ya benki akaweza kutuma shilingi mia kwa simu. Mwaka 2009 nyaya kubwa za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, nayo intaneti ikaanza kuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa. Lakini usidhani kuwa kutafuta wasomaji ni kazi iliyoanza na simu. Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1921, alitoa kitabu chake Uhoro wa Ugurani mwaka 1946. Alitiwa kizuizini mwaka 1952, akakaa huko miaka mingi. Na alipofunguliwa alianza tena kuandika na kuchapisha kwa Kikuyu katika mji wetu wa Karatina. Alitoa gazeti la Gikuyu na Mumbi, na ndani yake hadithi za mhusika aitwaye Wa-Nduuta. Shajara yake ya kizuizini ilitoka mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma. Mtu huyo hakuwa na intaneti. Alikuwa na wasomaji waliojua kwamba katika karatasi zake watakuta maneno yao wenyewe.

Sasa nafika penye kosa langu. Mwezi wa Februari 2022 mtihani wa kidato cha nne ulikuwa mlangoni. Katika simu za watoto yalipita matangazo mengi ya watu waliodai kuuza mitihani yenyewe kabla ya siku yake. Wengi wao walikuwa walaghai, na wateja wao walikuwa wengi pia. Mimi niliwadharau, lakini nikawaonea wivu. Kijitabu changu kipya kilikuwa mkusanyiko wa mazoezi ya kweli, yaliyotungwa kwa uangalifu. Jina lake la kwanza lilikuwa Mazoezi ya Sarufi na Fasihi. Usiku mmoja nililifuta jina hilo, nikaandika Maswali Yatakayotahiniwa. Nilipandisha bei hata shilingi 150. Katika siku tisa walinunua watu 312.

Nilijiambia kwamba sikusema uongo. Nilisema tu kwamba maswali ya namna hiyo yangeweza kutahiniwa. Ajabu ya moyo wa mwanadamu ni kuwa hakimu mpole katika kesi yake mwenyewe. Kila simu ilipolia kwa ujumbe wa malipo nilifurahi, na kila nilipofurahi niliacha kujiuliza.

Mtihani ukaja ukapita. Siku chache baada ya karatasi ya Kiswahili, mama mmoja alinipigia simu. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akajitambulisha kwamba anauza viazi katika soko la Karatina. Mwanawe alikesha usiku mbili akikariri kijitabu changu, akaacha vitabu vyake vingine vyote, kwa kuwa jina lilimwambia kwamba humo mna kila kitu. Alipoingia katika chumba cha mtihani hakukuta hata swali moja alilolitazamia. Nilianza kujitetea. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema:

"Mwalimu, mimi nauza viazi. Mnunuzi akifika nyumbani akakuta vya chini vimeoza, kesho hunirudia hapa nilipokaa, akanionyesha mbele ya watu. Wewe nikurudie wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na wanunuzi wengi kuliko mama huyu, lakini yeye alikuwa na mahali pa kuulizwa, nami sina. Nikaelewa kwamba soko lisiloonekana lamfaa sana mtu mwovu, kwa sababu hakuna jicho linalomtazama. Na kwa sababu hiyo hiyo lamdai mtu mwema zaidi, maana yampasa ajitazame mwenyewe. Nilimwomba msamaha. Akanijibu kwa upole, "Haya, Mwalimu," akakata simu.

Jioni ile niliandika katika vikundi vyangu vyote. Nilieleza kwamba jina la kijitabu halikuwa la kweli, kwamba mimi ndiye niliyelibadili na sababu yake, na kwamba kila aliyelipa atarudishiwa. M-Pesa huhifadhi kumbukumbu za malipo, kwa hiyo sikuweza kusema kwamba nimewasahau. Jumla ilikuwa shilingi 46,800, nami nilikuwa nimekwisha kutumia zaidi ya nusu yake. Nilirudisha kidogo kidogo katika mshahara wangu kwa miezi minne. Wengine walinishukuru. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Wengine walihama vikundi bila neno, na vikundi vitatu vikawa viwili. Yule kijana wa Karatina sikuweza kumrudishia usiku mbili zake. Fedha hurudi, wakati haurudi.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule nilikitoa tena kijitabu kile kwa jina lake la kwanza na kwa bei ya shilingi 100. Safari hii nilitoa kurasa kumi za mwanzo bure, ili mnunuzi avishike viazi kwa mkono kabla ya kulipa. Juu yake niliandika wazi mambo yaliyomo na yasiyokuwamo. Mwezi mzima walinunua watu 64, na karibu nusu yao walikuwa wale niliowarudishia fedha. Hesabu hiyo ni ndogo ukiilinganisha na 312, lakini mimi naiona kuwa kubwa zaidi. Wale 312 walinunua jina. Hawa 64 walinunua kitabu.

Msomaji kijana, wewe umezaliwa ndani ya soko hili. Huenda siku moja utauza nyimbo zako, au picha, au masomo ya upishi, au ufundi wa kutengeneza simu, na wanunuzi wako watakuwa Nanyuki, Zanzibar, Muscat na London. Sikukatazi, nakutakia heri. Anza kwa kutoa kabla ya kutaka kupewa. Tunza saa yako. Wajibu wanaokuuliza. Usiwahesabu watu kama magunia, kwa maana kila namba katika hesabu hiyo ni mtu aliyeacha kazi yake akakusikiliza. Weka mahali pa kurudiwa: jina lako la kweli na namba inayopokelewa. Na unapokipa kitu chako jina, jiulize kama ungethubutu kulitamka jina hilo sokoni mchana, mnunuzi akikutazama usoni na mikono yake ikipekua mpaka chini ya gunia.

Imani ya mnunuzi ni amana. Huwezi kuinunua wala kuinakili kama faili. Huletwa na watu wachache wachache, kwa siku nyingi, nayo yaweza kupotea kwa neno moja lililoandikwa usiku. Ilinde, nayo itakulinda wewe na kazi ya mikono yako.