Dawa ya Kutibu Dawa

Ikiwa nyumbani kwako mna mtu anayemeza vidonge vya aina zaidi ya moja kila siku, huenda kisa changu kikakufaa.

Mimi ni karani wa ghala hapa Nairobi. Nilipokuwa na umri wa miaka 41, daktari aliniambia kwamba usahaulifu wangu, pamoja na desturi yangu ya kuanza kazi tano nisimalize hata moja, haukuwa uvivu kama nilivyoambiwa tangu shuleni. Ni hali ya ubongo iitwayo ADHD, yaani upungufu wa umakini. Hudhaniwa kuwa ya watoto peke yao, kumbe wengi huingia nayo utu uzimani. Alinipa methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, na kwa kuwa nilikuwa pia na ugonjwa wa sonona, akaniongezea fluoksetini.

Juma la kwanza nilihesabu magunia ya ghala zima bila kurudia. Sikuwahi kufanya hivyo maishani! Lakini hamu ya chakula ilitoweka, na usiku nilibaki macho nikisikiliza mbwa wa jirani. Dawa zote mbili zaweza kupunguza hamu ya chakula, na zote mbili zaweza kufukuza usingizi. Nami, kwa usahaulifu ule ule uliokuwa ukitibiwa, mara nyingi nilimeza kidonge cha pili cha methilifenideti saa 11 jioni badala ya adhuhuri, na fluoksetini nikaimeza wakati wa kulala.

Sikumwambia daktari. Nilikwenda duka la dawa nikanunua vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi. Nikalala kweli, ila asubuhi kichwa kilikuwa kizito kama gunia lililolowa maji. Uzito huo nikauondoa kwa kahawa, vikombe vinne kabla ya adhuhuri. Kahawa huharakisha moyo, na methilifenideti vivyo hivyo. Basi moyo ukawa ukinidunda hata kalamu ikinitetemeka mkononi. Jioni, dawa ilipokuwa ikiisha mwilini, nilikuwa mkali mno. Siku moja mwanangu alimwaga chai juu ya meza, nami nikainua mkono. Sikumpiga. Lakini alikuwa amekwisha kujikunyata, na sura yake ile ninayo hadi leo.

Mke wangu hakunigombeza. Alikusanya kila kitu, chupa, karatasi za vidonge, hata kopo la kahawa, akavitia katika kikapu cha sokoni. "Baba watoto," akasema, "kesho twende sote kwa daktari. Wewe utasahau nusu ya maneno."

Daktari alinipima: mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilikuwa juu, uzito umepungua kilo 6. Nilitazamia kupewa dawa ya nne. Yeye akapunguza. Kwanza niache vile vya mafua, na kahawa niipunguze kidogo kidogo. Kidonge cha mchana kisipite saa 7, na nikikisahau, nikiache hadi kesho. Nile uji mzito kabla ya kile cha asubuhi, maana baadaye sitatamani kitu. Baada ya majuma mawili ndipo fluoksetini ilipohamishiwa asubuhi, ili tujue lipi limeletwa na lipi. Akanionya nisije nikaiacha ghafla kwa shauri langu mwenyewe. Hata dawa za kuzibua pua, akasema, nisinunue bila kuuliza, kwani zenye sudoefedrini humwongezea mtu mbio za moyo.

Sasa daftari la shule linaning'inia jikoni kwa uzi. Mwanangu ndiye atiaye alama kila asubuhi nikimeza, na kwa ukali kuliko msimamizi wangu wa kazi. Usingizi umerudi, na kilo 4 pia. Kinywa bado hukauka. Na ile nusu saa ya jioni haijaondoka, kwa hiyo hushuka basi kituo kimoja kabla ya nyumbani nikaenda kwa miguu, polepole.

Mtoto hunisubiri mlangoni. Kabla ya kunikimbilia huniuliza, "Baba, umekwisha kutembea?"