Prosesa Iliyofungwa na Fomu 184 za Rumeti Wangu

Bumu la semista ya kwanza mwaka jana lilipoingia, wenzangu wengi walibadilisha simu. Mimi nilipanda daladala hadi Kariakoo, nikarudi na boksi la maziwa limejaa vyuma: mazabodi ya chipuseti ya Z170, prosesa ya Intel Core i3-6100, ram mbili za GB 4 na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti iliyoshatumika na mtu mwingine, tena sana, ukiangalia vumbi lake. Nyumbani sikusema. Bi mkubwa alipopiga kuuliza kama hela imetosha, nikamjibu imetosha. Haikuwa uongo. Ilitosha kununua kompyuta.

Kila aliyeingia geto letu aliuliza swali lilelile: mbona umenunua kitu cha 2015? Kina koa mbili tu! Kweli, mbili. Kasi yake GHz 3.7 na haina tabo. Ila ngoja nikueleze, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Kasi ya prosesa ni hesabu ya kuzidisha. Kuna mapigo ya msingi, MHz 100, halafu kuna kizidishi, ambacho kwa i3-6100 ni 37. Zidisha, unapata 3,700. Prosesa za bei mbaya, zile zenye herufi K mwishoni, kizidishi chake kiko wazi, unapandisha utakavyo. Hizi zetu walalahoi kimefungwa na kiwanda chenyewe. Unabaki na hiyo 100. Wahenga wa kompyuta walishaijua njia hii: mwaka 1998 kulikuwa na Celeron 300A, kizidishi kimefungwa kwenye 4.5, watu wakapandisha mapigo kutoka 66 hadi 100 na MHz 300 zikawa 450 kwa bei ileile. Baadaye mambo yakawa magumu, kwa sababu mapigo ya msingi yalikuja kuendesha na vitu vingine kibao, pamoja na njia ya kadi na ya diski. Ukiyasogeza kidogo tu, diski inapotea. Skylake, kizazi cha hii prosesa yangu, ikavitenganisha. Mwishoni mwa 2015 baadhi ya watengenezaji wa mazabodi wakatoa BIOS zinazoruhusu mchezo huo hata kwa prosesa zilizofungwa, na mwanzoni mwa 2016 Intel ikaleta marekebisho yaliyoziba tundu. Kwa hiyo ukikuta mazabodi ambayo bado ina BIOS ya wakati ule, umeokota dodo chini ya mwarobaini. Mimi niliokota. Muuzaji hakujua anauza nini, na mimi nikakaza uso kama sijui ninachonunua.

Usiku ule niliandika 120 mahali pa 100. Nikabonyeza Enter. Skrini nyeusi. Feni ikazunguka, ikasimama, ikazunguka tena. Halafu ikawaka: GHz 4.44. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Bei yake ipo. Ukifungua njia hii, picha za ndani ya prosesa zinakufa, ndiyo maana lazima uwe na kadi. Haipumziki hata ikiwa haina kazi, umeme inakula tu. Hesabu za aina ya AVX zinakuwa taratibu mno. Na kipimajoto cha koa kinadanganya, kinakuonyesha nyuzi 100 muda wote hata kompyuta ikiwa imetoka kuwashwa. Sasa wewe uko Dar, mwezi wa pili, chumba kina pangaboi moja linalolalamika kuliko linavyopuliza, na hujui prosesa yako ina joto kiasi gani. Nilikuwa natumia kidole kwenye hitisinki. Kidole kikivumilia mpaka nihesabu kumi, tunaendelea na GTA.

Kitu kingine, na hiki ndicho kilichoniponza: ram nayo inafuata mapigo yaleyale. Ram yangu ilikuwa ya 2133. Kwa mapigo ya 120 inakimbia 2560, zaidi ya uwezo wake, mpaka uishushe mwenyewe kwenye BIOS, uiweke 1866, ili ikizidishwa itue kama 2240. Niliishusha. Nilikuwa makini.

Betri ndogo ya mazabodi ndiyo ilikuwa imechoka. Wiki moja umeme ukakatika mara tatu, na kila ukirudi BIOS imesahau kila kitu. Mara ya tatu jamaa walikuwa wamekaa kitandani wanasubiri mechi ya FIFA. Nikaingia haraka, nikaandika 120, nikatoka. Ram sikuigusa. Kompyuta ikawaka vizuri kabisa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Rumeti wangu alikuwa mwaka wa tatu, anafanya riseach juu ya mikopo ya mama lishe. Fomu 184 za maswali, kazunguka nazo stendi na masokoni kwa mguu. Laptop yake ilikufa kioo, nikamwambia, "Mwanangu, tumia mashine yangu, ina kasi." Akaingiza fomu zote kwenye Excel kwa siku nne. Siku ya tano faili halifunguki. Limeharibika. Alikuwa na nakala kwenye flashi, lakini kila jioni alikuwa anasevu juu ya ile ya jana, kutoka mashine ileile. Nayo haifunguki.

Akanitazama. Nikamwambia itakuwa kirusi cha flashi, pale kwenye duka la kutoa kopi zinajaa virusi. Neno lilitoka lenyewe, kabla sijafikiri. Yeye akaanza kujilaumu kwa kuichomeka ile flashi huko.

Alipoenda kuoga niliwasha MemTest86. Dakika chache tu mistari myekundu ikaanza kushuka. Niliingia BIOS nikaiona 2560 imekaa pale. Nikazima skrini kabla hajarudi.

Nilikaa na hilo jambo siku mbili. Yeye alikuwa anasoma jinsi ya kufufua mafaili, anaomba antivirusi kwa watu, na supavaiza anataka majedwali Ijumaa. Usiku wa pili nilimwambia. Nilieleza mapigo, kizidishi, betri, ram, vyote, kama ninavyokueleza hapa, na nikiwa katikati nikasikia ninavyoremba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo siyo kirusi."

"Siyo."

"Na ulijua tangu juzi."

Hilo la pili ndilo lililomuuma. La ram hakulisema tena.

Niliirudisha mashine kwenye 100, nikanunua betri mpya kwa hela ya chapati mbili, na MemTest ikapita usiku kucha bila kosa. Tukaingiza fomu upya, mimi nasoma, yeye anaandika, usiku tatu. Ilipofika fomu ya 90 na kitu akaanza kunielekeza tena, maana mwandiko wa kwenye fomu ulikuwa wake na mimi nilikuwa nasoma saba kama moja. Majedwali yalimfikia supavaiza Jumatatu, yeye akanuna, lakini akayapokea.

Siku hizi iko kwenye 112, ram imeshushwa, na nimebandika karatasi yenye namba zote kwenye kasha. Rumeti alishamaliza chuo. Akipita geto kuprinti barua zake za kuomba kazi, anashika flashi mkononi na kuuliza kwanza: "Leo tuko ngapi?"