Udongo Usilale Uchi

Ndugu msomaji, na zaidi wewe mama wa kambi, unajua taabu ya mwezi wa kwanza. Mvua inanyesha, unalima leo, na kisha wiki mbili majani mabaya yamejaa tena. Mgongo unauma, watoto wanangoja chakula. Katika miji yetu ya migodi, kama Likasi na Kolwezi, mshahara wa baba unaweza kukatika wakati wowote. Shamba ndogo nyuma ya nyumba njo inatusaidia kula na kulipa minerval.

Angalia pori. Chini ya miti udongo haukai uchi, majani na maganda yanaufunika. Muumba mwenyewe ametuonyesha. Mbegu nyingi za majani mabaya zinahitaji mwanga ili ziote. Jembe linazipandisha juu kila mara; kifuniko kinaziacha zimelala.

Mimi ninatumia maganda ya miti. Kwa wapasua mbao ni takataka tu, wanakupa bure. Kwanza ng'oa majani pamoja na mizizi, zaidi ile nyasi yenye mizizi ya kutembea chini, juu itatoboa kifuniko. Vunja maganda vipande vidogo, tandika unene wa sentimeta 5 mpaka 8 kati ya mistari ya nyanya ao bilinganya. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, lisioze. Mbegu ya lengalenga ni ndogo sana: ngoja kwanza iote na kupata nguvu. Usichanganye maganda na udongo, maana yakioza ndani yanakula azote, na mboga inageuka manjano. Tena yakae mbali na ukuta wa nyumba, juu ya mchwa.

Faida ingine: matone ya mvua hayarushi tena udongo juu ya mboga. Sisi tunaokaa karibu na viwanda vya shaba tunaogopa vumbi ile. Lakini maganda hayasafishi udongo. Osha mboga vizuri, na penye uchafu wa kiwanda usilime kabisa.

Neno moja tena. Usichune muti ulio hai! Ukitoa ganda pande zote, chakula cha majani hakishuki tena kwenye mizizi, na muti unakufa. Makala imekwisha kula pori nyingi kandokando ya miji yetu. Tuokote kile kilichotupwa, na miti tuwaachie watoto.